Imetoka P0171, sensa nimebadili, taa imerudi: kabla hujanunua injini soma hapa

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, cc 1490, nipo Mbeya. Taa ya cheki injini inawaka mwezi wa pili sasa. Asubuhi kukiwa na baridi sailensi, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda inashuka, gari inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, ikishapata moto inatulia kiasi. Barabarani haina shida ila naona mafuta inakula. Fundi wa kwanza kapima na mashine ikatoka P0171, akasema sensa ya oksijeni, nikanunua used tukafunga, taa ikazima siku tatu ikarudi. Wa pili kasafisha nozeli za kupuliza mafuta na kubadili plagi, hola. Wa tatu kafunga geji ya vakyum ikasoma 13, akasema inatakiwa 18 na kuendelea, kwaiyo injini imechoka nitafute injini ya Japani. Mwingine ananiambia nitoe masega tu, yale ya kusafishia moshi kwenye ekzosi, gari itapumua. Mwezi ujao nina safari ya Dar na familia. Nifanyeje na je naweza kusafiri nayo hivi hivi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole. Umepita kwa mafundi wanne, umebadilishiwa sensa, umewekewa plagi, unataka kuuziwa injini, na katika maelezo yako yote sijaona sehemu hata moja ambapo mtu amekaa chini akaitafuta hewa inaingilia wapi. Nikuambie mapema ili ulale: kwa unavyoielezea hiyo gari, injini usinunue kwanza na masega usiyaguse. Mimi naona dalili za gari inayovuta hewa pembeni, na ugonjwa huo mara nyingi tiba yake ni mpira au gasketi. Ila sijaishika gari yako, kwaiyo nitakupa namna ya kuhakikisha, usichukue neno langu likawa ni fundi wa tano aliyebahatisha.

Tuanze na hiyo kodi yenyewe, yaani namba ya kosa iliyotoka kwenye mashine, na sisemi ya TRA. P0171 haitaji jina la spea. Inachosema ni kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta upande wa kwanza wa injini ni mkavu kupita kiasi, yaani hewa nyingi mafuta kidogo. IST ina silinda nne kwenye mstari mmoja kwaiyo upande ni huo huo mmoja, usije ukaambiwa kuna upande wa pili ukabadilishiwe na huko. Petroli ili iungue vizuri inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta, na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, kazi yake siku nzima ni kulinda hesabu hiyo. Ikishindwa kuilinda hata baada ya kuongeza mafuta mpaka kikomo chake, ndio inakuwashia taa. Kwaiyo P0171 ni malalamiko, kama mtoto anasema tumbo linauma. Huwezi kumfanyia upasuaji kwa neno hilo tu.

Sasa hewa inazidije? Fikiria kamati ya harusi. Mlangoni wamemweka mtu wa kuhesabu kadi, kila kadi ikiingia anapiga simu jikoni, jikoni wanapakua sahani. Kwenye gari yako mtu wa mlangoni ni sensa ya hewa, ile iliyochomekwa kwenye njia ya hewa baada tu ya ea kilina, lile chujio la hewa, jikoni ni kontroboksi na nozeli. Mambo yanaenda vizuri mpaka ukuta wa uani unapotoboka wazamiaji wakaanza kuingilia huko. Mlangoni wamehesabiwa watu 40, jikoni wamepakua sahani 40, ukumbini wamekaa watu 50. Watu kumi hawana chakula. Hiyo ndiyo hewa inayoingilia kwenye mpira uliopasuka au gasketi iliyokakamaa, imepita nyuma ya sensa, haijahesabiwa, haikupewa mafuta.

Sasa nani anagundua kwamba chakula hakikutosha? Ni mtu aliyesimama mlango wa kutokea anasikiliza watu wanavyolalamika wakiondoka, na huyo ndio sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosi. Anaona oksijeni imebaki nyingi kwenye moshi, anapiga kelele jikoni waongeze. Yeye ndiye aliyetoa taarifa, na fundi wako wa kwanza akamfukuza kazi! Sensa yenyewe ikifa huwa inakuja na kodi zake, familia ya P0130 mpaka P0135 hivi, mara nyingi ni hita yake au waya. Sisemi sensa iliyochoka haiwezi kabisa kudanganya, inaweza, lakini sio wa kwanza kumshuku.

Na ile taa kuzima siku tatu isikuchanganye. Ukibadilisha sensa fundi alifuta kodi au alichomoa betri, kumbukumbu zote zikafutika pamoja na hesabu za mafuta kontroboksi ilizokuwa imejifunza. Ikaanza upya kama haijui kitu, na kosa hili kwa kawaida haliwashi taa mara ya kwanza, linasubiri lionekane tena kwenye safari nyingine. Siku tatu ndio muda iliyochukua kujifunza tena kwamba ukuta wa uani bado umetoboka.

Hapa ndio pa kukaa kidogo maana hapa ndipo pesa yako itaokoka. Kontroboksi ikiongeza mafuta inaandika imeongeza kiasi gani, kwa asilimia, mashine ya kupimia inaonyesha, wanaita fyueli trimu, kuna ya muda mfupi inayorukaruka na ya muda mrefu inayotulia, unazijumlisha zote mbili. Gari nzima inacheza karibu na sifuri, ikipanda au ikishuka bila kufika 10 hakuna mtu analia. Rudi kwenye harusi: waliohesabiwa 40, wazamiaji 10, inabidi jikoni waongeze asilimia 25. Hiyo ni gari ikiwa sailensi, inameza hewa kidogo sana. Sasa kanyaga mpaka RPM 2500, yaani mizunguko 2500 ya injini kwa dakika, ushikilie hapo hapo gari imesimama. Wageni wa kadi sasa wanakuwa 150 lakini tundu la uani ni lile lile, wanapita wale wale 10, na 10 kwenye 150 ni asilimia 7 hivi tu. Kwenye harusi kubwa wazamiaji hawaonekani.

Umeelewa tunakokwenda? Gari inayovuta hewa pembeni trimu zinakuwa juu sana ikiwa sailensi na zinashuka ukiipa resi. Hiyo ndiyo alama yake, na ndiyo maana na wewe unasema barabarani haina shida ila ikisimama inatetemeka. Ingekuwa kinyume, sailensi safi halafu trimu zinapanda ukikanyaga au ukipanda mlima, ningekuambia achana na mipira tuangalie mafuta, pampu imechoka au filta imeziba, hapo unapima presha ya mafuta, kwenye injini yako iwe psi 44 mpaka 50 hivi. Au sensa ya hewa ina uchafu inahesabu pungufu, hiyo unaisafisha kwa dawa yake maalum ya kupuliza, usiiguse na kitambaa wala petroli na tafadhali asitokee mtu akaipulizia kompresa, kile kiwaya cha ndani ni chembamba kama unywele. Zikiwa juu kote kote, sailensi na resi, inaweza kuwa presha ya mafuta, inaweza kuwa sensa ya hewa, au ekzosi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni inavuta hewa ya nje na kumdanganya mtu wa mlango wa kutokea. Na silinda inayomisi, yaani isiyounguza mafuta yake, pia inatoa hewa ambayo haikuungua, sensa inaona oksijeni nyingi inadhani mchanganyiko ni mkavu, ila hapo ungeona na kodi ya P0300 au P0301 na kuendelea.

Dakika mbili za kusoma namba hizi zingekuokolea hela ya sensa. Mwambie fundi asikupe kodi tu, akuonyeshe trimu gari ikiwa sailensi na ikiwa 2500, piga picha. Angalizo moja, hivi vidude vidogo vya bluetooth vya bei rahisi watu wanavyounganisha na simu, kwenye IST nyingi za miaka hiyo zilizotengenezwa kwa soko la Japani ndani vinagoma kuunganika, vinataka magari yanayoongea lugha ya OBD2 ya kawaida, ile iliyokuwa lazima Marekani tangu magari ya 1996. Tundu linafanana, lugha sio. Tafuta mwenye mashine inayoingia kwenye mfumo wa Toyota moja kwa moja.

Sasa huyu wa geji. Hili limeniuma maana angekugharimu mamilioni kwa kusahau yuko wapi. Geji ya vakyum haipimi nguvu ya injini peke yake, inapima tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyoko ndani ya manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Dar pale usawa wa bahari hewa ya nje inasukuma kama inchi 30 za zebaki, ndicho kipimo cha geji hiyo. Mbeya mko mita 1,700 hivi juu, hewa ya nje inasukuma kama 24 na nusu tu. Umeshapoteza inchi tano na kitu kabla hata hujawasha gari! Kwaiyo injini inayosoma 18 au 19 Dar ukiipandisha Mbeya ikiwa nzima kabisa itasoma 13 au 14. Ile namba ya 18 aliyokariri imeandikwa kwa watu wa pwani. Hata Nairobi, hata Iringa, mtu akikwambia 18 ndio lazima muulize huyo 18 ni ya wapi. Mwenye wasiwasi na injini kuchoka anapima kompresheni, yaani mgandamizo, silinda moja moja, kazi ya chini ya saa moja, na injini iliyochoka ingekuonyesha na vitu vingine, moshi wa bluu, kunywa oili, kukosa nguvu mlimani. Wewe hukutaja hata kimoja.

Halafu umesema neno ambalo wenzangu wote wamelipita: asubuhi kukiwa na baridi. Manifodi ya kuingizia hewa kwenye injini yako ni ya plastiki, na kati yake na kichwa cha injini kuna gasketi ya mpira. Gari ina miaka ishirini na zaidi, mpira umepikwa na joto maelfu ya mara, umekakamaa, umelala bapa. Kukiwa na baridi unasinyaa unaacha upenyo, injini ikipata moto vitu vinatanuka upenyo unajifunga. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba mimi ningeweka shaka yangu ya kwanza hapo. Ndiyo maana pia ukiipeleka gereji saa sita mchana baada ya kuendesha nusu saa fundi anakuambia mbona iko sawa. Gari ilale kwa fundi, au yeye aje kwako alfajiri kabla hujaiwasha. Isubirini tu dakika chache ianze kusoma sensa ya oksijeni, kabla ya hapo namba za trimu hazina maana.

Kuitafuta hewa inakoingilia anza na macho na masikio. Boneti juu, gari inaunguruma, chukua kipande cha mpira wa maji weka ncha moja sikioni, nyingine pitisha kwenye viungio, tundu linatoa mlio wa fyuuu. Angalia ule mpira mkubwa wenye makunyanzi kati ya ea kilina na throto, ule mlango wa hewa ya injini, upinde kwa mkono, nyufa zinajificha ndani ya makunyanzi na upande wa chini ambao hauonekani. Fuata mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa ndani ya injini, unaotoka kwenye kava ya injini, huu unalowa oili unakuwa laini kama andazi lililoloweshwa chai. Fuata mpira mnene wa haidrovaki, ile bustaa inayokulainishia pedali ya breki. Hata dipstiki ya oili ikiwa imelegea au mfuniko wa oili hauna mpira wake gari hizi zinavuta hewa kupitia huko.

Niliwahi kupokea Vitz iliyokuja na mfuko mzima wa spea, mwenyewe keshabadilisha sensa mbili, koili, na throto used. Nilikaa nayo asubuhi nzima nikiwa sioni kitu, nikaanza kubana mipira mmoja mmoja kwa koleo huku naangalia sailensi, hakuna. Mwisho nikapitisha kidole nyuma ya manifodi mahali ambapo huoni, unapapasa tu, nikakuta kichuchu ambacho hakitumiki kimefunikwa na kofia ya mpira ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kofia imechanika ubavuni. Nikaziba na kidole, sailensi ikashuka hapo hapo ikatulia kimya mpaka mwenye gari akadhani imezima. Kofia ile bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai.

Kwa gasketi ya manifodi njia salama nyumbani ni maji. Chupa ya kunyunyizia kama ya saluni, injini ikiwa bado ya baridi inatetemeka, nyunyiza kidogo kidogo pale plastiki inapokutana na chuma, sehemu zote nne, usilowanishe koili wala plagi za waya. Maji yakifika kwenye upenyo yanauziba sekunde chache na utasikia injini inabadilika sauti. Mafundi wengi wanatumia kabu kilina na inafanya kazi vizuri kuliko maji, lakini ile ni kama petroli kwenye kopo, ikidondokea ekzosi ya moto au cheche utakuwa umepata tatizo lingine kabisa, kwaiyo muachie fundi na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Maji na masikio yasipotoa jibu tafuta gereji yenye mashine ya moshi, Mbeya mjini ulizia. Wanaziba njia ya hewa, wanaingiza moshi kwa presha ndogo ya psi 1 tu au pungufu, unakaa unaangalia moshi unatokea wapi, haina ubishi. Ila nao wafanye injini ikiwa ya baridi. Na mtu asikuunganishie kompresa ya kujazia tairi kwenye manifodi, atakutolea sili ambazo zilikuwa nzima.

Ikiwa ni gasketi, nunua mpya ya mpira inayoendana na injini yako. Hapa mafundi wetu wana tabia ya kupaka silikoni, na mimi nakukataza kwa sababu mbili, kwanza haidumu kwenye manifodi ya plastiki, pili mvuke wa silikoni nyingi unaua sensa ya oksijeni, utakuwa umetengeneza ule ugonjwa aliokubahatishia fundi wa kwanza. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni kwa mkono wa kiasi, plastiki ya miaka ishirini haitaki ubabe. Baada ya hapo futa kodi, endesha siku mbili tatu, rudi usome trimu. Kama ilikuwa 25 ikarudi kwenye 3 au 5, kazi imeisha hata kama hakuna aliyeapa.

Kuhusu masega. Gari yako haijalalamika kwamba haipumui kwenye kutoa moshi, imelalamika hewa imezidi kwenye kuingia. Ni milango miwili tofauti. Ukiyatoa hewa itaendelea kuingia pembeni vile vile, sanasana utaongeza kelele na harufu na mtu atakuwa amepata masega ya kwenda kuuza, maana mle ndani kuna madini ya thamani na wanunuzi wapo. Na mafuta kula, sehemu ni hiyo sailensi kupanda na gari kujisahihisha kila saa, lakini usitegemee ukiziba tundu itakunywa nusu, tofauti itakuwepo ila ya kiasi.

Safari sasa. Taa ikiwaka tu bila kupepesa, na trimu kwenye 2500 ziko chini ya 10, gari itakufikisha Dar, nisingekudanganya. Taa ikianza kupepesa huku gari inamisi, punguza mwendo, paki, maana hapo mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye masega na kuyayeyusha kweli. Lakini kuna kitu kimoja sitaki usafiri na familia kabla hujakihakikisha, ni ule mpira wa haidrovaki, kwa sababu ukitoka huko unaushuka mlima Kitonga, huupandi, na kama hewa inavuja pale ndipo breki inapokuwa ngumu kama jiwe. Jipime leo: zima gari, kanyaga pedali mara nne tano mpaka iwe ngumu, endelea kuikanyaga, washa gari. Pedali inatakiwa izame kidogo yenyewe chini ya mguu. Isipozama, au ukiikanyaga sailensi inabadilika na unasikia fyuuu chini ya dashibodi, hiyo gari isiende hata Uyole hapo hapo Mbeya, ipeleke kwa fundi wa breki siku hiyo hiyo.

Halafu hiyo sensa yako ya oksijeni ya kwanza, iliyokuwa kwenye gari, uliichukua au ilibaki gereji? Kama bado ipo kaidai. Ina uwezekano mkubwa ni nzima kuliko hiyo used uliyofungiwa, ambayo hakuna anayejua imetoka kwenye gari iliyokunywa oili kiasi gani, na ukishaziba hewa trimu zikakataa kutulia, kitu cha kwanza nitakachokuambia ni urudishe ile ya zamani.